Neno Lililotangulia Kufa

Baba mdogo ndiye aliyekuwa akimwona baba. Mama hakumwona hata mara moja, na hilo ndilo lililowafanya wasielewane kwa muda mrefu.

Nieleze kwanza alivyopotea. Baba alikuwa mkulima wa migomba na maharage Bugarama, na siku za soko alipakia mikungu kwenye baiskeli akaenda kuiuza Kabanga, mpakani. Dada yake alikuwa ameolewa ng'ambo, Burundi, mahali ambapo ukisimama juu ya kilima chetu unaona moshi wa jiko lao. Kwetu mpaka ulikuwa kitu cha askari na wabadilisha fedha. Sisi wengine tulivuka kwenda harusi na misiba kama mtu anavyokatiza uwanja wa jirani. Asubuhi moja baba alivuka na baiskeli yake kwenda kumpongeza dada yake aliyejifungua, akachukua mkungu mmoja wa ndizi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi ambayo bila hiyo mgeni wa kiume huonekana amekuja kuombaomba. Alisema angerudi kesho yake. Kabla ya hiyo kesho mambo yaliharibika Burundi, na waliovuka kuja upande wetu walikuwa watu wengine.

Walikuja na magodoro vichwani, na mbuzi, na wengine mikono mitupu. Mama alisimama njiani akawatazama usoni mmoja mmoja. Nami nilisimama naye. Ukitazama nyuso za watu wengi kiasi kile, ukitafuta uso mmoja, inafika mahali kila uso unaanza kufanana nao kidogo. Pua ya huyu, mwendo wa yule. Nilirudi nyumbani naogopa kufumba macho.

Kisha wakaja wa Rwanda, nao walikuwa wengi hata vilima vya wilaya yetu vikawa vya bluu kwa maturubai, na asubuhi moshi wa majiko yao ulijaa mabondeni hata usione migomba yako mwenyewe. Miti ikaisha. Mito nayo ikaleta mambo ambayo sitayaeleza. Itoshe kusema kwamba watu waliacha kula samaki, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe sababu. Katika hali kama ile, mtu mmoja na baiskeli yake kupotea ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo.

Baba mdogo alianza kumwona baba msimu wa kupanda maharage. Hakumwona gizani, kama hadithi za kutishia watoto zinavyotaka. Alimwona mchana kweupe, juu ya kilima, akisukuma baiskeli, amewapa watu mgongo. Baiskeli ya baba ilikuwa na kengele mbovu isiyoweza kulia mfululizo. Ililia mara moja tu, ti, ikanyamaza. Baba mdogo alisema hiyo kengele aliisikia kwanza, ndipo akageuka akamwona. Halikuwa jambo la kumcheka. Alikuwa mtu mzito, mpiga matofali, asiyeamini hata habari za redio.

"Kaka hana pa kulala," alimwambia mama. "Ndiyo maana anazunguka. Tumzike, shemeji."

Kumzika kulimaanisha kuzika mgomba. Katika ukoo wetu, mtu akifa mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavishwa nguo yake, ukafungwa mkekani na kuzikwa nyumbani kwa heshima zote. Hapo marehemu anajua kwake ni wapi, na walio hai wananyolewa, wanakaa matanga, wanamaliza. Pasipo hilo hakuna kinachokwisha.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Shemeji, mfu humjia nani kwanza? Si mke wake? Mimi nimelala naye miaka yote hii. Mbona sijamwona?"

"Mimi namwona."

"Wewe unamwona kwa kuwa unamwogopa. Mimi siku nikimwona nitakuja mwenyewe kukuambia. Mpaka hapo mume wangu yuko safarini."

Basi ikawa hivyo nyumbani. Aliyemwona alisema amekufa, na asiyemwona alisema yu hai. Kila mmoja alikuwa na hoja, nami nilikuwa katikati. Nilipopita kileleni kwenda shule nilikuwa natembea kwa haraka nikiimba kwa sauti, ili kengele ikilia nisiisikie.

Watoto wa baba mdogo walipougua homa wote kwa pamoja, ugomvi ukawa wazi. Mke wake akaja kulia uani kwetu kwamba asiyezikwa anawamaliza wanawe. Mwishowe wakakubaliana jambo moja: kule kambini kulikuwa na watu waliokuwa wakitafuta waliopotea, wakiuliza kilima kwa kilima hadi ng'ambo. Tulipeleka jina la baba, la shangazi na la kilima chao. Watakalosema ndilo litakalofuatwa. Mama alikubali haraka, nami nikajua ni kwa sababu alikuwa na hakika watasema yu hai.

Tuliitwa baada ya mavuno. Tulikwenda watatu, mama, baba mdogo na mimi, kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili na nilikuwa na kiburi cha Kiingereza ambacho leo nikikikumbuka natamani kujizaba kofi. Nilikuwa nikiwasahihisha watu kanisani. Ndani ya hema tulimkuta mama mmoja wa Kizungu, mgeni, amebabuka pua kwa jua. Mkalimani wake alijua Kifaransa na Kirundi, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Wenyewe walikuwa wanahangaika, mama wa Kizungu anasema, mkalimani anatoa macho. Nikajitokeza. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mimi naweza kutafsiri.

Alizungumza taratibu, namshukuru. Alisema watu wao walifika kile kilima. Nikatafsiri. Alisema nyumba ya shangazi ilichomwa moto na watu wakiwa ndani. Nikatafsiri hilo pia, sijui kwa sauti gani. Alisema hakuna aliyehesabu waliokuwamo, na hakuna aliyeonekana kutoka. Nikatafsiri. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama na kusema sentensi fupi, na sentensi hiyo ilikuwa na maneno niliyoyajua yote isipokuwa moja.

"He is presumed dead."

Dead nililijua tangu shule ya msingi, kwenye sentensi ya paka. Lile la mbele sikuwahi kuliona wala kulisikia. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, taratibu zaidi, kama kwamba kwenda polepole kungenisaidia.

Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Baba mdogo pia. Nilijua kwamba nikisema "amekufa" kila mtu atasimama na kwenda nyumbani kuchimba. Lakini Mzungu hakusema amekufa. Alisema kitu, halafu kufa. Je, kama lile neno maana yake ni "si"? Au "karibu"? Au "vibaya"? Nilipata woga ambao sijaupata tena maishani, woga wa mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebe kwenye daraja la mti mmoja.

"Anasemaje?" baba mdogo akauliza. "Yupo au hayupo?"

"Kuna neno, halafu kuna kufa," nikasema. "Lile neno silijui. Nitamuuliza mwalimu."

Baba mdogo alipandisha pumzi akazishusha. "Ada zote zile, unashindwa na neno moja!"

Mama hakukasirika. Alisimama, akajitengeneza kanga, akamshukuru Mzungu kwa mikono miwili. Njiani, tulipokuwa tunapanda kurudi, akaniambia nilitamke. Nikatamka. Akajaribu, likamgomea, akajaribu tena.

"Kwa hiyo," akasema, "kufa kumetanguliwa na mtu mlangoni."

Mwalimu wetu wa Kiingereza hakuwapo. Alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliotoka na ng'ombe wao huko Shinyanga wakahamia Biharamulo, na alikuwa amekwenda kwao kumwona baba yake mgonjwa. Kamusi ya shule ilikuwa kabatini ofisini, na funguo alikuwa nazo yeye, kwa sababu hakumwamini mtu na kamusi. Barabara ya Biharamulo wakati huo ilikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na watu wenye bunduki. Mabasi yalipita kwa msafara, askari mbele na nyuma. Nikaanza kuhofu kwamba huyu naye hatarudi, na kwamba maana ya neno itakwenda naye.

Siku zile za kusubiri zilikuwa za ajabu nyumbani. Tuliishi na lile neno kama tunavyoishi na mgeni asiyesema ametoka wapi. Mama alilitamka akimenya ndizi, akitwanga, akiwaita kuku. Alilitamka kwa sauti ya kubembeleza, na kila alipolitamka hakuongeza lile la pili. Baba mdogo alipokuja, yeye alikuwa na la pili peke yake. Aliketi kibarazani, ananitazama kwa jicho la pembeni, kama kwamba mimi ndiye niliyemshikilia kaka yake.

"Nimemwona tena jana," alisema siku moja. "Safari hii aligeuka. Hana uso wa kuudhika. Ana uso wa mtu aliyechoka kusimama."

Nilitoka nikaenda kukaa jikoni na mbuzi. Sikutaka kusikia zaidi.

Mwalimu alirudi na vumbi lote la Biharamulo kwenye nywele. Sikumwacha hata akae.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini? Mbona umekonda?"

Nikamwambia neno, na lilikotoka. Alikuwa mtu wa mzaha. Sisi tulimtania kwa ile l yake iliyokuwa ikiingia mahali pa r, naye alitutania kwa kula ndizi asubuhi na jioni. Siku hiyo hakutania. Alifungua kabati, akatoa kamusi, akaiangalia, akaifunga. Kisha akaniambia nikae, naye akaketi juu ya dawati la mbele, miguu ikining'inia kama ya mtoto.

"Plizumu," akasema. "Sikiliza. Umempikia mgeni. Jua limezama, hajafika. Njia ni mbaya, mvua kubwa. Mwishowe unachukua chakula chake unawagawia watoto. Umejua kwamba hatakuja?"

"Hapana."

"Hukujua. Umechukulia. Kila kitu kinaonyesha huko, na hakuna aliyekuja kukupinga. Ndiyo maana yake. Huyu baba inachukuliwa kwamba amekufa."

"Na mgeni akibisha hodi?"

"Akibisha hodi neno linakufa palepale, na wewe unaona aibu ya sufuria tupu."

Nikauliza tena, kwa sababu mimi ni mbishi na nilitaka kulikamata lote. Nikauliza linatumikaje. Akaniambia jambo ambalo baadaye niliwafundisha wanafunzi wangu miaka mingi, na kila nilipolifundisha niligeukia ubao.

"Halitumiki kwa kitu ulichokiona kwa macho. Ukishaona, huchukulii tena. Unajua. Hapo neno halina kazi, liondoe."

Jioni niliwaeleza mama na baba mdogo kama nilivyoelezwa, mgeni, mvua, sufuria na yote. Nilieleza kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, na Kihangaza kilinitosha vizuri. Baba mdogo akaguna.

"Basi na wao hawajui. Wamechukulia tu. Nasi tuchukulie, shemeji. Tugawe chakula."

Nilitegemea mama akatae. Nilikuwa tayari kumtetea. Mama akamtazama shemeji yake, macho yaliyoingia ndani, mikono iliyopasuka kwa tofali, na nadhani alimhurumia, maana alimpenda.

"Sawa," akasema. "Mzike kaka yako upate usingizi. Mgomba nitachagua mimi."

Hiyo ni haki ya mjane. Yeye ndiye anayejua urefu wa mume. Huingia shambani peke yake, wanawake wengine wakisubiri pembeni, akatafuta mgomba unaomfika pale mume alipomfika, akaukata kwa panga juu ya ardhi. Kwa panga, si kwa jembe. Wazee wana msemo: maiti haina mizizi. Kisha huufunga mwenyewe kwa majani na nguo za marehemu, ndipo akaita wa kumsaidia kubeba.

Mama alikaa shambani muda mrefu. Tuliokuwa pembeni tulisikia kimya, kisha vishindo, kisha kimya tena. Mke wa baba mdogo alisema maskini, analia. Alipotuita tulikuta ameshafunga, koti la baba likiwa kifuani, mkeka ukiwa umezungushwa na kukazwa kwa kamba kuanzia juu hadi chini. Nilishika upande wa miguuni. Ulikuwa mzito, mzito kuliko kichwani, nao ulinukia udongo mbichi. Niliogopa. Nilisema moyoni, hivi ndivyo alivyo mtu.

Kaburi la mgomba huwa uwanjani, mbele ya nyumba, nalo halichimbwi refu. Linafika magotini tu, maana hakuna kitakachofukuliwa na fisi. Tulimlaza. Katekista aliomba, kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa. Baba mdogo alilia, mtu mzima yule, akalia mpaka kamasi. Mama hakulia. Walipomnyoa, na mmoja wa wanawake alipomwambia pole kwa nywele zako, zilikuwa nzuri, mama alijibu, "Nywele huota."

Baada ya hapo baba mdogo hakumwona tena baba. Watoto wake walipona. Alinenepa. Alikuwa akipita kileleni akipiga mluzi.

Halafu zikaja mvua.

Niliyeona kwanza ni mimi. Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi, ukungu na moshi wa kambi vimeshuka hadi kwenye paa, na nikaona udongo wa kaburi umepasuka upande wa miguuni. Ndani ya ufa kulikuwa na kitu cheupe chenye ncha, kimesimama kama kidole. Nilitupa ufagio. Nilikimbia bila kujua nakimbilia wapi, nikajikuta nimemshika mama kiunoni kama mtoto mdogo.

Mama alikuja akatazama. Akakiinamia, akatoa jani kavu lililokigusa.

"Acha kufagia hapa," akasema.

Kile kidole kikafunguka kikawa jani. Likaja la pili. Kila mtu wa Bugarama anajua migomba kuliko anavyojua watoto wake, na kila mtu anajua kwamba mgomba uliokatwa juu ya ardhi hauoti, unaoza. Kwa hiyo walikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Ama mama alikuwa ameung'oa na tunguu lake, kile kichwa cheupe cha chini chenye mizizi, au aliyezikwa mle alikuwa amekataa kuzikwa. Jambo la kwanza lingeweza kujulikana kwa kumuuliza mama, au kwa kufukua. Lakini nani atamuuliza mjane swali kama lile? Na nani atafukua? Basi watu walipita mbali. Waliokuwa wakija kuomba moto wa jiko wakaenda kuuomba kwingine. Mwalimu wangu alikuja siku moja kutusalimia. Watu wa ng'ombe hawajui kitu juu ya ndizi, akausifu mgomba, akauliza nani aliupanda pazuri hivyo mbele ya nyumba. Nilipomwambia aliacha rubisi kwenye kata na kwenda zake bila kuaga vizuri.

Baba mdogo alikuja na panga. Mgomba ulikuwa umeshamfika begani. Mama alikuwa ameketi karibu yake anapukuchua maharage.

"Shemeji," baba mdogo akasema, "hiki si kitu cha kuachwa."

"Kata," mama akasema. "Kama una hakika kaka yako amekufa, kata."

Alisimama pale. Upepo ukalipindua jani moja likamgusa shavuni, polepole, akaruka nyuma. Niliona uso wake na sitausahau. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyebishiwa hodi na amekwisha kugawa chakula. Akarudi kwake na panga lake, na siku ileile akasikia kengele.

Mgomba ulikua. Ulikua vizuri kuliko yote, nami niliuchukia. Nilijua unatufanya nini. Tulikuwa tumezika na hatujazika. Mama alikuwa amenyolewa na alikuwa mke wa mtu. Usiku wa upepo majani yake yalisugua ukuta wa chumba changu, nami nikawa namkasirikia baba, nasema rudi au usirudi, fanya moja. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao mgomba ulipotoa mkungu. Vilima vilibaki vimenyolewa, na mashimo ya vyoo, na vipande vya turubai vikipepea kwenye visiki. Kulikuwa kimya mno. Mkungu ulikuwa mkubwa, umeinama kuelekea mlango wetu, na ulipokomaa hakuna aliyeugusa, hata ndege.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha ile ya kudondoka wima bila upepo. Mama alikuwa ameshikwa nayo shambani akipalilia. Mimi nilikuwa jikoni. Alikuja anatembea taratibu, hajajifunika kichwa kwa jani la mgomba kama watu wanavyofanya, ameloa chapachapa. Akaliegemeza jembe ukutani, akalisafisha udongo kwa kidole, akaingia akakaa kwenye kigoda mbele ya moto.

"Nimemwona," akasema.

Sikumuuliza nani.

"Alikuwa anasukuma baiskeli kwenye maharage, katikati ya mistari, bila kukanyaga hata mmoja. Mimi nimeloa hivi unavyoniona. Yeye alikuwa mkavu. Koti kavu, kofia kavu, hata matairi yalikuwa na vumbi."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alisimama mbele yangu kama mtu anayesubiri apishwe." Aliinyosha mikono kwenye moto, nikaona machozi ambayo sikuwa nimeyaona tangu siku ile ya kuwatazama watu njiani. "Nami nilikuwa nimesimama njiani kwake muda wote huu, mwanangu. Nikampisha."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama maji ya mtungi.

"Nilimng'oa na mizizi," akasema. "Nilitumia jembe. Mtoto wa wazazi wa Bugarama, nikatumia jembe. Nilitaka kama yu hai aote."

Tulikaa mpaka mvua ikapungua. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga, akaniambia nikamwite baba mdogo aje na panga lake, aukate mkungu, tuzivundike zile ndizi zikamuliwe, tuwape majirani rubisi ya kumaliza msiba. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Lile neno la Kizungu. Mwalimu wako alisema halitumiki kwa mtu uliyekwisha kumwona."

"Ndiyo, mama."

"Basi liondoe," akasema. "Libaki lile la nyuma."